Mbwa Wako, Kuku Wako: Soma Mzoga Kabla ya Kushika Fimbo

Dodoma imejaa nyua. Tangu ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018, mitaa kama Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Mkonze imeota nyumba zenye ukuta na geti. Ndani ya ukuta huo mara nyingi utakuta kuku nyuma ya nyumba na mbwa wa ulinzi karibu na geti. Wanakaa kiwanja kimoja na mchana wanagombea kivuli cha mwarobaini huohuo. Halafu siku moja mwenye kuku anaamka anakuta manyoya yametapakaa uani, na mbwa amejilaza pembeni. Hukumu inapita papo hapo.

Naomba hukumu hiyo isubiri kidogo. Mbwa anapoua kuku wa nyumbani, mara nyingi kuna mlango, saa, bakuli au shimo lililomfikisha pale, na hilo lisipopatikana, hata ukimwondoa huyo, mbwa mwingine utakayemleta atafanya yaleyale. Kwa hiyo anza na dalili, urudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kuku amekufa, lakini aliyemuua hakuonekana

Usiutupe mzoga kwanza. Vaa glavu, uulaze kwenye mwanga, kisha uyafunue manyoya kwa vidole. Alama za mbwa ziko mgongoni, mapajani na chini ya mabawa: manyoya yamelowa mate yakagandamana, ngozi imechanika au ina matundu ya meno, na nyama ya chini imevilia damu kwa kupondwa. Mara nyingi kuku mwenyewe hajaliwa. Mbwa aliyeshiba huua kwa sababu kuku amekimbia na kupigapiga mabawa. Kuku akitulia, mbwa anamwacha na kumgeukia mwingine anayekimbia. Ndiyo maana unaweza kukuta kuku watano wametawanyika uani, wote wamekufa, hakuna hata mmoja aliyeliwa paja.

Nguchiro na kicheche hawaui hivyo. Hao hupenya kwenye upenyo ambao pua ya mbwa haiingii, na hung'ata shingo au kichwa. Kicheche huja usiku, nguchiro mara nyingi huja mchana. Mwewe huondoka na kifaranga mchana kweupe, usikute kitu. Nyoka humeza mayai na vifaranga vizima, hakuachii ganda wala unyoya.

Kisha kuna kuku wasio na jeraha kabisa. Kama kabla ya kufa walikuwa wamezubaa, wanaharisha kijani, wengine wamepinda shingo, na wanakufa wengi ndani ya siku chache, fikiria mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Hapo mbwa anaokota tu kilichokwisha kufa, nawe unamkuta na kuku mdomoni. Jeraha litakuambia ukweli: kuku aliyeng'atwa akiwa hai anavuja damu na nyama inavilia, lakini mzoga uliochanwa baada ya kufa una jeraha kavu lililopauka. Dawa ya kesi hii ni chanjo. Ile ya I-2 hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mizoga ichomwe au izikwe kwenda chini sana, maana mbwa anayeachiwa mizoga leo anajifunza ladha ambayo kesho ataitafuta kwa kuku mzima.

Kuku wanauawa alfajiri

Hii ndiyo kesi ninayoiona zaidi kwenye nyumba zenye ukuta, na ndiyo ambayo watu hawaielewi. Utaratibu wetu unajulikana: mbwa anafungiwa mchana, anafunguliwa usiku alinde. Kuku nao wanazunguka mchana na kulala usiku. Kwenye maneno inaonekana hawakutani. Wanakutana alfajiri. Kunapopambazuka kuku anaanza kushuka, mbwa bado yuko huru uani, na kijana wa kazi hajatoka chumbani. Kila siku kuna muda ambao wote wawili wako nje na hakuna mtu.

Jiulize kwanza: kuku waliouawa walilala wapi? Kama walilala juu ya mwarobaini, juu ya ukuta au juu ya karo la maji, basi tatizo lako halikuanzia kwa mbwa. Lilianzia bandani, kwa sababu kuku hakimbii banda bila sababu.

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni joto. Banda lililoezekwa bati kwa kimo cha kiuno, bila dirisha, mwezi wa Oktoba na Novemba linakuwa halikaliki, na hadi magharibi bado linafukuta. Pandisha paa angalau mtu aweze kusimama, acha nafasi ya wavu juu ya ukuta pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na tandaza majani au mabua juu ya bati. Sababu ya pili ni wadudu. Ingia bandani usiku na tochi, usiku kweli na si jioni, umulike nyufa za fito wanazolalia kuku. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Ukiupangusa ufito kwa karatasi nyeupe ukaona michirizi ya damu, umepata jibu. Viroboto je? Hao utawaona mchana: vidoti vyeusi vimeganda kuzunguka macho na upanga wa kuku, hasa vifaranga. Viroboto wa aina hii humganda mbwa pia, kwenye masikio na kati ya vidole, kwa hiyo ukitibu banda ukamsahau mbwa, wanarudi. Ondoa takataka zote bandani uzichome, paka chokaa kwenye nyufa, na dawa ya kuogesha au kupulizia uiulize kwa afisa mifugo wa kata au duka la dawa za mifugo. Usichukue ya mashambani ukamwagia kuku.

Banda likishakalika, warudishe kuku kwa chakula. Mwaga mtama au pumba ndani ya banda jioni jua likielekea kuzama, na wakiingia wafungie. Wale wakaidi wa mitini washikwe usiku kwa mkono na kuingizwa, siku mfululizo, mpaka wazoee.

Baada ya hapo panga zamu, na usiivunje hata siku ya sikukuu. Jioni kuku waingie wote, wahesabiwe, komeo lifungwe, ndipo mbwa afunguliwe. Asubuhi mbwa aingie kwanza, afungwe, ndipo kuku watoke. Ufunguo wa banda la kuku na wa banda la mbwa ukae kwa mtu mmoja, kwenye pete moja. Nimeona nyumba ambako baba alimfungulia mbwa, mama akawafungulia kuku, na kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake ameshamaliza kazi yake.

Kuna jambo jingine la kutazama kwa mbwa anayefungiwa mchana kutwa. Mara nyingi banda lake ni la nondo, na kuku wanapita mbele yake kuanzia asubuhi hadi jioni, wanadonoa hadi makombo yaliyodondoka miguuni pake. Anabweka, anarukia nondo, wanakimbia, wanarudi. Hamu yake inajengwa kwa saa 12 kila siku, halafu jioni anafunguliwa. Ziba sehemu ya chini ya nondo kwa mabanzi au bati hadi juu ya kimo cha macho yake akisimama, au geuza uso wa banda uelekee geti. Mpe na dakika za kutembea kabla ya kumwachia uani.

Kuku anauawa karibu na bakuli la mbwa

Mzoga uko mita moja au mbili tu kutoka kwenye bakuli, mara nyingi ni kuku mmoja, ameng'atwa mara moja. Hapo mbwa amelinda chakula. Kuku wa kienyeji haogopi, akiona ugali wa dona umechanganywa na dagaa anaingiza kichwa. Mbwa hunguruma kwanza, lakini kuku haelewi mngurumo.

Mlishe mbwa ndani ya banda lake, mlango umefungwa, na bakuli liondolewe akimaliza. Mbwa mzima anahitaji kula mara mbili kwa siku, na apate kitu cha nyama au dagaa. Mbwa anayepewa ukoko wa ugali mara moja jioni ana njaa, na hakuna mafunzo yatakayomshinda mbwa mwenye njaa mbele ya kuku. Siku ya kuchinja, vichwa, miguu na matumbo mabichi visitupwe kwa mbwa palepale machinjioni huku kuku wengine wanatazama na manyoya yanapepea. Kama unataka ale, chemsha kwanza, na umpe bandani kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, hupasuka kwa ncha kali na kumchoma tumboni.

Kuna shimo chini ya ukuta wa banda

Tazama ukubwa na majira. Shimo pana lenye udongo uliorushwa nyuma, na alama za kucha nene, ni la mbwa. Kipindi cha joto anaweza kuwa hakuwa anawatafuta kuku: alichimba apate udongo wa baridi wa kujilaza, na kivuli pekee alichokipata mchana ni ubavu wa banda. Akishafika chini ya msingi, harufu na sauti vinamalizia kazi. Mpe kivuli chake upande mwingine wa uwanja, na maji ya kutosha.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ndipo udongo unapolainika. Banda lililosimama salama kiangazi chote linachimbika kwa usiku mmoja mwezi wa Januari. Kuzamisha wavu chini ni kazi kubwa kwenye ardhi yetu ngumu, na si lazima. Laza wavu juu ya ardhi, upande wa nje, upana wa sentimita 50 hivi kuzunguka banda, uufunge na ukuta, kisha upange mawe juu yake. Mbwa huanza kuchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi, hawazi kurudi nyuma nusu mita. Mawe Dodoma si ya kununua kwa shida, vilima vimejaa.

Wavu umepasuka au mlango umefunguka

Wavu mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, ni wa kuzuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa asiingie, anaupasua kwa meno na kucha. Jenga kozi tatu au nne za tofali chini, au tumia wavu mgumu uliochomelewa wenye matundu ya mraba kwa mita moja ya kwanza, wavu mwembamba ubaki juu. Mlango ufungukie nje, ili mbwa akiusukuma aubane kwenye fremu badala ya kuufungua, na uwe na makomeo mawili, juu na chini. Kamba na msumari uliopindwa haitoshi, hasa miezi ya Juni hadi Septemba ambapo upepo wetu unatikisa mlango usiku kucha hadi komeo linachomoka lenyewe.

Wanaokata manyoya ya bawa moja ili kuku wasiruke ukuta wafanye hivyo pale tu ambapo mbwa hawezi kuingia walipo. Kuku aliyekatwa bawa amenyimwa njia yake pekee ya kukimbilia juu.

Kuku yuko hai, amelowa mate na mkia umenyonyoka

Mbwa ni kijana, kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu. Amemkandamiza kuku kwa miguu ya mbele, amemlamba, amemvuta manyoya. Huo ni mchezo, lakini ni mchezo unaoishia kwenye kifo, maana siku moja atang'ata kwa nguvu kidogo na kuku atatikisika kwa namna itakayomfurahisha.

Huyu anafundishika, tena vizuri. Mfunge mkanda shingoni na kamba ya mita mbili au tatu. Simama mbali na kuku kiasi kwamba anawaona lakini ukimwita bado anageuka. Akiwatazama sema neno moja, "Acha", na neno liwe hilohilo kwa nyumba nzima. Akigeuza kichwa kukutazama, mpe hapohapo dagaa au kipande cha ini. Akikaza macho, mwili umesimama kama mti na masikio mbele, umemsogeza karibu mno, rudi nyuma. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni, siku zote, ukipunguza umbali taratibu wiki hadi wiki. Akishaweza kulala chini huku kuku wanadonoa pembeni, badilisha: mtu awakimbize kuku kidogo, mabawa yapige, uone kama bado anakusikia. Mtihani uko hapo, kwa sababu kuku aliyetulia hajawahi kumshinda mbwa yeyote. Kamba ibaki shingoni hadi uwe umeona hivyo mara nyingi, na hata baadaye usimwache peke yake na vifaranga.

Kama unachukua mtoto wa mbwa, una bahati. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ya maisha yake, anachokiona kila siku kwa utulivu anakihesabu kuwa sehemu ya nyumba. Mweke aone kuku kupitia wavu. Tetea mwenye vifaranga akimdonoa pua mara moja, amepata somo. Mkinge tu jicho.

Alikuwa mpole miaka yote, amebadilika ghafla

Kwanza kabisa fikiria kichaa cha mbwa. Mbwa anayeng'ata chochote kilicho mbele yake, kuku, kuni, mnyororo, anayetokwa udenda, taya limelegea, sauti imebadilika, anatembea ovyo, anashindwa kumeza: usimsogelee, usijaribu kumfunga mwenyewe. Watoe watoto uani, funga geti, mpigie afisa mifugo. Mtu aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni la kukwaruzwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kuku walioumwa na mbwa huyo wasiliwe wala kunyonyolewa. Mbwa wote wa nyumbani wachanjwe wakifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia ofisi ya kata kama kuna kampeni ya chanjo wakati huo.

Kama si kichaa, tazama kilichobadilika nyumbani. Je, ameongezwa mbwa wa pili? Mbwa mmoja mpole na mwingine mpole wakiwa pamoja wanakuwa kundi, na kundi linawinda. Je, kuku ni wapya? Mbwa aliyewazoea matetea wa bibi hawajui hawa kuroila waliokuja jana kwenye tenga, na vifaranga wanaokimbia huku na huko ni kishawishi kipya kabisa. Waweke wageni nyuma ya wavu kwa wiki moja au mbili awazoee. Je, ana watoto? Jike mwenye watoto humng'ata kuku anayesogea kwenye kitanda chake, na hilo huisha watoto wakikua.

Je, jike wenu yuko kwenye joto, yaani anataka dume? Hapo angalia vizuri, maana anayeua huenda si wenu. Kwa wiki mbili hadi tatu madume ya mtaa mzima yanazunguka ukuta, yanaruka, yanachimba chini ya geti, na yakikosa jike yanakuta kuku. Alama za matope juu ya ukuta na manyoya ya mbwa kwenye geti zitakuonyesha. Mfungie jike ndani, na kama hutaki watoto, ongea na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi. Mbwa wa jirani akijulikana, anza kwa kuzungumza na jirani mwenyewe kwa heshima, ukiwa na picha ya shimo au alama. Mkishindwana nenda kwa balozi wa nyumba kumi, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Usitege sumu. Sumu itaua kuku wako, itafika kwa mtoto wa mtu, na utakuwa na kesi.

Mayai yanapotea

Ukikuta maganda yaliyopondwa na kulambwa safi karibu na kiota, ni mbwa. Ukikuta kiini kwenye midomo ya kuku, wanakula wenyewe: waongezee chokaa ya mifugo au maganda yaliyosagwa. Kwa mbwa, pandisha viota hadi kimo cha kifua na okota mayai mara mbili kwa siku.

Kuku aliyeng'atwa anahitaji nini

Mtenge haraka, kwenye boksi lenye giza na joto kiasi, kwa sababu mshtuko unaua kabla ya jeraha. Akitulia, kata manyoya kuzunguka kidonda, osha kwa maji vuguvugu yaliyochemshwa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha paka ayodini. Tafuta matundu ya upande wa pili: jino la juu huonekana, la chini hujificha chini ya bawa. Nzi wetu hawachelewi, kidonda kisichofunikwa kinaweza kuwa na funza kesho yake, kwa hiyo kikaguliwe asubuhi na jioni. Mpe maji yenye sukari kidogo. Akipewa antibiotiki, nyama na mayai yake yasiliwe mpaka siku alizoelekeza mtaalamu ziishe. Tumbo likiwa limepasuka na utumbo unaonekana, na mbwa aliyemng'ata ana chanjo na ni mzima, mchinje kuku huyo mara moja, usimwache ateseke. Waliobaki wanaweza kusimama kutaga kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Hawajaharibika.

Mbwa aliyekwisha kuua zaidi ya mara moja

Mwonja asali haonji mara moja. Huyu usimwamini akiwa peke yake na kuku, hata baada ya mafunzo mazuri. Wapo wanaomfunga kuku aliyekufa shingoni, wapo wanaomtia yai la moto mdomoni, wapo wanaompiga mbele ya mzoga. Mbwa hahusishi kipigo cha saa mbili asubuhi na alichofanya alfajiri. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na kuua ukiwa haupo. Yai la moto linamuunguza mdomo tu, na ukatili kwa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kwake dawa ni kuta mbili kati yake na kuku: banda lenye komeo, na uzio wa pili wa mita 1.8 unaogawa uwanja. Kwenye kiwanja kidogo kisichogawika, tafuta nyumba isiyofuga kuku inayohitaji mlinzi, umpeleke huko mwenyewe pamoja na kadi yake ya chanjo, na uwaambie wazi wanaompokea kwamba ameshaua kuku, ili jirani yao anayefuga naye ajulishwe mapema.